Neno la Kumtoa Pini Johoni

Jumatatu asubuhi

Mdogo wangu,

Mwanangu alipoteza sauti Jumamosi mchana, ndani ya mchezo wako wa kuigiza, chini ya joho nililolishona kwa mikono yangu. Nimeanza na hilo ili lisikupite. Sasa salamu, maana tulilelewa: hujambo? Mguu umeamkaje? Muuguzi wako aliniandikia kwamba umefungwa plasta mpaka nyonga na bado unawatania. Mimi mzima. Askari wa kizuizi cha barabarani anayefungua barua zetu naye namsalimia, ila asizikunje hovyo.

Nilivyosikia ni hivi. Mchezo ulifika pale majeshi ya mfalme yanapoingia kijijini na watoto wanajifunika majoho ya kichawi wasionekane. Ndipo wenye bunduki wa kweli wakaingia ukumbini. Wakaanza kuita watoto kwa majina. Watoto kumi na mmoja chini ya vitambaa vyeusi, na hakuna aliyekohoa. Wale watu wakaona lundo la mapazia, wakaenda zao. Ukapita ukiwanong'oneza watoto mmoja mmoja, nao wakatoka, kumi. Pini alikuwa wa mwisho, na ukuta haukungoja: ulikuangukia kabla hujamfikia.

Watu wanakusifu. Mimi nitakusifu nikimpata mtoto.

Nimemkuta jana kwenye shule iliyogeuzwa kituo cha watoto waliopotea. Yuko chini ya dawati, joho kichwani, ananichungulia kama mteja asiyeamini kipimo changu. Namwita, kimya. Nikamwambia "giza limekwisha", maneno ya mwisho ya mchezo wako, akajifunika zaidi. Nikasema "jogoo amewika", lile la yule mchawi wa mchezo; akageukia ukutani.

Msimamizi pale hana ubaya, ana utaratibu. "Mama, akikutaja tu, mchukue. Asipokutaja, siwezi kukupa mtoto eti kwa sababu unalia vizuri." Cheti cha kuzaliwa cha Pini kiliungua pamoja na chumba changu cha kushonea. Ijumaa saa sita mchana malori yanawapeleka ng'ambo ya mpaka watoto wasiotambuliwa.

Nilikusomesha kwa cherehani, mdogo wangu. Umemfundisha nini mwanangu hata asimjibu mama yake?

Dada yako


Jumanne, wodini

Dada,

Shikamoo. Mguu upo, na wauguzi wamechoka nami. Nilipoteza fahamu siku nzima. Nilipoamka swali langu la kwanza lilikuwa Pini, na hakuna aliyejua. Barua yako imenirudishia pumzi, hata kwa ukali wake.

Usiseme naye neno jingine lolote la kubahatisha. Nakuomba kwa magoti ambayo kwa sasa hayakunjiki.

Unakumbuka mtaa wa kiwanda cha sabuni? Wale wenye bunduki walimtuma mwanamke mwenye sauti tamu apite milangoni akiita, "Njooni, mama amerudi." Watoto waliojibu hatujawaona tena. Nikarudi mazoezini nikabadilisha uchawi wa joho. Nikawaambia: adui anajua jina lako, anaweza hata kuvaa sura ya mama. Kwa hiyo kila mmoja achague neno lake la kufunguliwa, aninong'oneze mimi peke yangu. Asiyelijua ni adui. Akikosea mara tatu, joho linajifunga moja kwa moja na mvaaji hatamjibu tena mtu huyo, maisha. Niliweka mara tatu kwa sababu hadithi hupenda tatu. Sikujua ningekuwa nakupimia wewe.

Watoto hawaigizi tena, dada. Wanaamini. Umesikia ya wale kumi, walitoka wakiwa hai kwa kuamini.

Umeshatumia mbili.

Siku ya kuchagua, Pini alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Mjomba, mama huyasema kila siku na wala hajijui kama anayasema." Neno lake ni hili:

▬▬▬▬▬▬

Mwambie polepole, ukiwa umechutama. Kisha unitukane utakavyo.

Mdogo wako


Jumatano jioni

Mdogo wangu,

Pole na maumivu. Mimi sijambo, nimekula, nimelala kidogo kwenye benchi la nje ya kituo. Msimamizi amenipa blanketi, na sharti lake liko palepale.

Barua yako imefika, ila mstari niliouhitaji umekuja mweusi tii. Kizuizini wanaogopa maneno ya siri, siwezi kuwalaumu; wao hawajui kwamba jeshi lenyewe lina umri wa miaka saba. Nimeishika dirishani, nimeigeuza, hakuna. Nimeupima huo weusi kwa utepe: kwa mwandiko wako uliojibana, maneno mawili mafupi, hayazidi.

Basi tuyaache hayo, nikuulize la nguo, maana wewe ulikulia chini ya meza yangu na unajua ninavyofanya kazi.

Nikishona gauni la mtoto wa mteja, humsimamisha Pini juu ya stuli nimpime yeye. Nikiwa na pini mdomoni namwambia, "Tulia, usipumue." Anatulia kama sanamu, mpaka namwonea huruma. Nikichomoa pini ya mwisho, mdomo wangu hujisemea wenyewe: "Haya, pumua." Anashuka mbio, anasema, "Mama, nilikuwa karibu kufa!" Mara ngapi kwa wiki, sihesabu. Ndiyo kusema sijijui, kama alivyokwambia.

Leo amechungulia tena. Nimekaa kimya mbele yake tangu asubuhi, mimi nisiyejua kunyamaza. Nilitaka kusema. Midomo ilishafunguka. Nikaifunga, kwa sababu nguo hii imebaki na kitambaa cha kukata mara moja tu, na duka la kununua kingine halipo.

Hasira yangu bado ninayo, nimekutunzia mpaka plasta itoke. Lakini wale watu waliita jina lake, naye hakuitika. Hilo nimeliona, wala sijifanyi sikuliona.

Sasa nisikilize. Usiniandikie maelezo, usiniandikie samahani, usiandike chochote kinachoweza kupakwa wino. Nimekuonyesha ninapotaka kukata. Nikate hapo, ndiyo au siyo? Neno moja, mikononi mwangu kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Dada yako