Docus Biira, Aliyesikiliza kwa Mikono

Ni mwaka mmoja, Docus, tangu uuweke ungo wa kahawa chini na usiuchukue tena. Binti yetu Gorret aliuosha, akautundika ukutani pale barazani. Watu wanaokwenda soko la Mpondwe wakipita bado wanageuza shingo kuangalia kama umekaa.

Ulifundisha Kiingereza hapa Bwera mpaka ukastaafu, kisha ukaendelea kufundisha nyumbani bila kengele. Wanafunzi walikuja na insha zao baada ya shule, wa hapa na wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, wakakaa mkekani, nawe ukachambua kahawa yetu huku ukisikiliza. Hukuwa na kalamu nyekundu. Mwanafunzi alisoma sentensi yake ya kwanza. Kama mikono yako iliendelea kutoa punje mbovu, ulisema, "Endelea," naye akajua ameshindwa. Kama mikono ilisimama, hukusema kitu. Alikuwa ameona mwenyewe.

Jua na ndege uliwakatalia. Kila insha ya shule zetu inaanza na jua linalowaka na ndege wanaoimba. "Wafukuze hao ndege," uliwaambia, "nataka kuona mtu." Ukawafundisha kuisema habari kwanza kwa Lhukonzo, lugha yetu, kama mtu anavyomwambia dada yake jikoni, ndipo Kiingereza chake kitafutwe. Ulisema wanakivaa Kiingereza kama shati la kuazima, ndiyo maana wanaogopa kuinua mkono.

Naswiba wa Hamukungu alikusomea: "Siku baba yangu alipozama, samaki walikuwa wengi kuliko siku zote." Mikono yako ilisimama. Hilaire, aliyekimbia vita kule Butembo na kuanza kuuza sabuni sokoni, alikuja na Kiingereza cha maneno machache tu. Akasoma: "Mama alifunga mlango wa nyumba yetu kwa ufunguo, ingawa ukuta wa nyuma haukuwepo tena." Docus, siku hiyo mikono yako ilisimama mpaka chai ikapoa.

Yote hayo niliyaona kutoka kwenye kiti changu, mpaka Hilaire alipokizoea kiti hicho na mimi nikahamia kwenye benchi.

Kwangu ulikuwa mke mwema. Ulinificha sukari tangu daktari aliponisema, kisha siku za Jumapili ukanitilia kijiko kimoja bila kunitazama. Ulicheka midomo ikiwa imefungwa, mabega tu ndiyo yaliyotikisika. Ulinyoosha shati langu la kanisani kabla ya kunyoosha gauni lako. Lakini mikono yako ilisimama kwa ajili ya watoto wa watu, na kwa ajili yangu haikusimama.

Mimi pia nimesoma. Nilisoma madarasa ya jioni nikiwa kibarua wa mgodi, na mpaka leo gazeti la Kiingereza nalimaliza pamoja na matangazo yake. Nilikuandikia insha juu ya maisha ya mgodini, nikavaa koti, nikakaa mkekani kama wengine, nikasoma: "Elimu ni kitu muhimu sana katika maisha ya kila binadamu duniani." Ukatoa punje mbovu. Ukatoa nyingine. "Endelea, Baba Gorret," ukasema. Baadaye nilijaribu tena, nikaanza na Rwenzori na theluji yake. "Endelea." Tangu hapo nikabaki kusikiliza sentensi za wengine, na kila mikono yako iliposimama niliona nimenyang'anywa kitu ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Siku ya mazishi wanafunzi wako walijaa mpaka barabarani, kila mmoja akilia, "Mama yangu." Nilikuwa nimeshika fimbo, nikitaka kuwauliza wamekupata wapi.

Mwezi uliopita tulikutana barazani kupanga sala ya mwaka. Wanafunzi wako wakaja pia, wakapendekeza tangazo hili aliandike Hilaire, kwa kuwa sasa ni mwalimu kule Kinyamaseke na anaandika vizuri.

"Hilaire," nikamwambia, "kiti umeshachukua. Kalamu utaniachia."

Watu wakacheka. Yeye akasimama, akaivua kofia yake. "Pole, muzee. Andika weye. Lakini uanze na ile sentensi ya maji."

"Maji gani?"

"Muzee, kweli haujue? Mama aliambiaka kila mwanafunzi, siku yake ya kwanza. Alingojeaka kwanza weye uende shamba." Akawageukia wenzake, nao wakaitamka kwa sauti moja, kwa Kiingereza safi ulichowafundisha: Nimekuja kuomba maji, lakini sina kiu.

Niliuona ua wa baba yako kule Rukoki, na wewe msichana umekaa na ungo magotini. Nilikuwa nimekuona kanisani mara moja tu. Njia nzima nilitunga maneno marefu ya kujitambulisha. Nilipofika mbele yako yakanipotea yote, yakatoka hayo tu, kwa Lhukonzo. Nilikumbuka baba yako alivyonicheka. Mikono yako sikuitazama, kwa sababu nilikuwa nautazama uso wako.

Dada yako Rusi akapiga makofi. "Shemeji! Kumbe hukujua? Mikono yake ilisimama, ungo ukainama, punje nzuri na mbovu zikamwagika pamoja. Na yeye amebaki anakutazama tu! Unajua nani aliyeichambua upya kahawa yote ile? Mimi! Mpaka leo hujanishukuru."

"Asante, Rusi."

"Umechelewa," akasema.

Docus, niliwaonea wivu wanafunzi wako ulipokuwa hai. Sasa nawaonea zaidi. Uliwapa sentensi yangu, wakaipeleka Hamukungu na Kinyamaseke na Beni, wakapima zao kwa hiyo, na mimi mwenye sentensi nilikuwa benchini nikisikia uchungu. Mbona hukuniambia? Gorret anasema ulidhani ninajua. Mwanetu Davis anasema uliogopa nitajivuna. Davis anakufahamu.

Jumamosi hii tutasali nyumbani Bwera, saa nne asubuhi, kisha tutakuja kaburini kwako pale juu ya shamba la migomba. Wote wanaokupenda wanakaribishwa. Ungo nimeushusha ukutani, nitakuja nao. Nitakuja pia na kikombe kitupu, nisimame mbele yako, watu wote wakisikia, Hilaire akiwemo, na nitakwambia maneno yale kwa Lhukonzo kama siku ile. Safari hii, Docus, usiniambie niendelee.

Unakumbukwa na mumeo, Semu Kambale; watoto wako, Gorret na Davis, pamoja na wenzi wao; wajukuu wako; dada yako Rusi na ukoo wote wa Rukoki; majirani wa Bwera; na wanafunzi wako, ambao Hilaire ameomba jina lake litajwe kwa niaba yao, nami nimelitaja.

Tutakukumbuka siku zote, sote, na mimi zaidi yao.