Kuku Ulioniachia na Joto la Kaskazi

Mke wangu mpenzi, Mama Rukia,

Najua ungeulizia kuku kwanza, mimi baadaye, na nisingeona vibaya. Ndivyo ulivyokuwa kila uliporudi kutoka kwenu Mambrui. Ulipitiliza hadi uani na buibui lako mwilini, ukawatazama mmoja mmoja, kisha ndipo ukaja kunisalimu kwenye cherehani. Basi nakuandikia habari zao, na ndani yake utazikuta zangu.

Unakumbuka ulivyowaleta? Tulikuwa hatujamaliza mwaka wa ndoa. Mama yako alikupa mtetea na jogoo ndani ya tenga, nawe ukawatua mlangoni kama uliyebeba dhahabu. Mimi nikasema hapa ni nyumba ya fundi, watu huleta vitambaa vyeupe vya kanzu, wasikute harufu ya kuku. Ukacheka. "Kanzu hufuliwa, Baba Rukia," ukasema, na wiki ile ile ukamwita seremala akajenga banda nyuma ya jiko, chini ya mwarobaini.

Miaka yote niliwasikia tu. Nilikuwa nikishona, na kupitia dirishani nikikusikia ukisema nao, ukimwaga maji ya zamani na kutia mapya kwenye chungu. Kaskazi ikichacha, mchana ulikuwa hukai. Ulirushia maji mchanga wa pembeni mwa banda, ukawatupia maganda ya tikiti na kuyaondoa mahindi mpaka jua lipungue. Siku moja nilikuuliza kwa nini unawanyima chakula mchana. Ukaja ukasimama dirishani, mikono imelowa. "Mahindi huwazidishia moto tumboni. Na kuku hana jasho, maskini. Joto lake hutokea mdomoni." Nikaitikia, nikarudi kwenye mshono wangu. Sikudhani kama nimelishika neno.

Ulipoondoka duniani masika ya mwaka jana, mvua iliwahifadhi, na upepo wa kusi ukaja ukawahifadhi zaidi. Mimi nilikuwa nikiwafungulia asubuhi na kuwafungia magharibi, basi. Binti yetu Rukia alikuwa akipiga simu kutoka Mombasa kila siku. "Baba, njoo ukae nasi Kisauni. Chumba kipo. Utakaa peke yako Malindi ufanye nini?" Nyumba ilikuwa kimya, na siku nyingine nilifika magharibi bila kusema na mtu ila salamu za msikitini. Mwishowe nikamwambia nitakuja kabla ya Ramadhani. Kuku nilikuwa nimekwisha kumwahidi jirani yetu, Bwana Twahiri, awachukue.

Kisha mafundi wa nyaya za umeme wakapita mtaani, wakaukata mwarobaini wako matawi ya upande wote wa banda. Walikuwa na haki yao, matawi yalikuwa yamegusa nyaya. Nilitazama bati la banda likimeremeta juani, nikaona ni jambo la kivuli tu, nikarudi kazini.

Zikaingia zile siku za mwisho wa kaskazi, upepo unapokatika na hata pazia halitikisiki. Ijumaa moja nilirudi kutoka msikitini nikasikia uani kumenyamaza. Nikavua kofia, nikaenda. Yule mtetea wako wa madoadoa alikuwa amelala ubavu karibu na ukuta, amekwisha kufa. Wengine walisimama midomo wazi, mbawa wamezitenga na mwili kama mtu aliyekunja mikono ya kanzu, wakihema mpaka koo linatetemeka. Kishingo peke yake, asiye na manyoya shingoni, ndiye aliyekuwa na nafuu.

Bwana Twahiri akachungulia juu ya ukuta. Aliona alichoona, akaja na kisu.

"Fundi, hiki ni kideri," akasema. "Chinja wakiwa hai, angalau waliwe. Ukingoja watakuwa mizoga."

Hakusema kwa ubaya. Unamjua, yeye ugonjwa huo ulimfagilia banda zima. Akanipa kisu. Nikamkamata yule mwekundu aliyekuwa karibu, naye hata hakukimbia. Alikuwa wa moto mikononi kama pasi. Nikamlaza, na mkono wangu ukagoma. Sijui niseme vipi, Mama Rukia. Ulikuwa umemshika kuku huyu akiwa kifaranga. Hapakuwa na kitu kingine hai nyumbani mle ulichokilea wewe.

Ndipo nikakusikia. Si sauti ya mizimu, usinicheke. Ni kukumbuka tu, siku ile mke wa Twahiri alipokuja kukuuliza habari za kuku wake wagonjwa, nami nikiwa nimeinama kwenye cherehani. Ulimwambia: "Wa kideri hupinda shingo, na kinyesi chake kijani. Wa joto anahema, lakini anakutazama."

Nikamgeuza yule mwekundu. Shingo imenyooka. Kinyesi uani kilikuwa majimaji, hakikuwa kijani. Na kuku alikuwa akinitazama.

"Bwana Twahiri, nipe mpaka jioni," nikasema.

"Jioni watakuwa wamekufa."

"Wakifa nitakuita tuzike."

Akakichukua kisu mkononi mwangu, akakiweka kwenye dirisha la jiko. "Basi tuwatoe kwenye jua hili," akasema, akawa wa kwanza kuinama.

Tuliwabeba wawili wawili mpaka sebuleni, kwa kuwa ndipo penye kuta nene na sakafu ya saruji. Zulia lako nililikunja kwanza, usiwe na wasiwasi. Twahiri alitaka kuchukua maji ya barafu awamwagie, nikamzuia. Nilikumbuka ulivyomgombeza Rukia kwa jambo hilo hilo alipokuwa mdogo, ukamwambia mwili wa moto haushtuliwi. Tukatia maji ya mtungi kwenye beseni, tukawachovya miguu mmoja mmoja, polepole. Maji ya kunywa nikayatia chumvi kidogo na sukari kidogo, kama ya mtoto anayeharisha. Waliokuwa hoi nikawalowesha mdomo kwa kidole mpaka wakaanza kumeza wenyewe.

Kulikuwa na mmoja aliyekuwa akiatamia nyuma ya jiko, yule mweusi mkali. Hakutaka kutoka kwenye mayai yake, na macho yalikuwa yanafumba. Nikakaa chini kando yake, nikamshikia kikombe. Alinidonoa, kisha akanywa. Akanywa tena. Nikajikuta namwambia, "Kunywa, mama, kunywa," kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiisikia kwako dirishani.

Katikati ya hayo Rukia akapiga simu.

"Baba, mbona nasikia kuku?"

"Wako sebuleni."

"Sebuleni kwa mama?"

"Joto limewazidi. Mmoja amekufa, waliobaki nawanywesha."

Akasema, "Usiwape mahindi sasa hivi, Baba. Mama alikuwa akingoja alasiri."

Kesho yake alifika, mkoba begani. Hakuja kunibembeleza nihame. Alikwenda moja kwa moja uani. Waliokuwa hai jana walikuwa hai bado. Tukafanya kazi, mimi na binti yako. Tulitandika makuti juu ya bati. Upande mmoja wa banda ulikuwa mbao tupu, tukazing'oa na kutia waya ili hewa ipite. Chungu cha maji tukakihamishia kivulini, na tukaanza kubadilisha maji kila yanapopata moto. Kisha nikatoa magunia ya zamani, nikayapasua, nikayashona yakawa pazia refu la kuzuia jua la mchana. Rukia alishika ncha nami nikikanyaga cherehani. Ukililowesha, hata hewa kidogo ikipita inapoa. Umri wangu wote nimeshona kanzu za maharusi, na sikumbuki vazi nililolishona kwa uangalifu kama lile.

Hapo ndipo aliponiambia, bila kuinua macho: "Baba, tangu mama aondoke hujamtaja jina."

Nikasimamisha cherehani. "Nilichelea utalia."

"Na mimi nimekuwa nikichelea wewe," akasema.

Tukatazamana, Mama Rukia. Mwaka mzima tumezungumza kwenye simu habari za dawa zangu za presha na bei ya samaki, kila mmoja akimlinda mwenzake na wewe. Siku ile tulikutaja mpaka magharibi. Alinisimulia mambo nisiyoyajua: kwamba ulikuwa ukiwaimbia vifaranga, na ukinisikia nakohoa unanyamaza. Nami nikamwambia ulivyonikatalia barua yangu ya kwanza ya posa kwa kuwa nilikosea kuandika jina la baba yako. Alicheka mpaka jogoo wa bandani akajibu.

Baadaye nilikwenda duka la dawa za mifugo, nikaeleza yote. Muuzaji akasema ni joto kweli, lakini akanishauri niwachanje kideri hata hivyo, asubuhi mapema kabla jua halijapanda, na nisiwasonganishe bandani. Tumefanya. Kuku kadha nimempa Bwana Twahiri ili waliobaki wapate nafasi. Sasa yeye ndiye anayekuja kuniuliza mambo, nami humjibu kwa maneno yako, na humwambia ni yako.

Mvua zimeanza sasa. Yule mweusi mkali ametotoa, si mayai yote, lakini ametotoa. Bado nakukosa wakati wa chai ya alasiri kuliko wakati mwingine wowote, na sidhani kama hilo litakwisha. Ila nyumba haiko kimya tena, na mimi nina sababu ya kutoka nje kabla ya jua.

Rukia aliondoka jana. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia siendi Kisauni, nimeyapanga maneno tangu alfajiri. Alisimama mlangoni akivaa viatu, na wala hakuniuliza nitahamia lini. Aliuliza kuku wanakula saa ngapi asubuhi, ili asiwe ananipigia simu nikiwa na kazi.

Mwenyezi Mungu akupe kivuli chake huko uliko, nami nikuombee kila nikiinua mikono, mpaka tutakapokutana.

Mumeo,
Baba Rukia