Jina la Chemchemi ya Angurai

Mama yangu,

Huku Angurai mvua imeninyeshea hadi soksi, lakini uji wao wa wimbi ni kama wako kabisa. Leo tumeweka chemchemi ya ukoo mmoja wa hapa kwenye ramani ya simu, tajiri asije akaizungushia ua. Mama Amoit, aliyeolewa hapa, ndiye aliyenifikisha. Nikamuuliza chemchemi inaitwaje, akacheka: "Wee! Ina jina la baba mkwe wangu, nitalitajaje?" Ikabidi amwite wifi yake kutoka shambani, yeye ndiye aliyelitamka nikaandika.

Nimekukumbuka, Mama. Nikirudi tuweke na ile yetu aliyotuachia Babu pamoja na jina lake. Wewe utangulie njia, jina la baba mkwe wako nitalitaja mimi.

Nekesa wako