Mkanda Si Soli ya Kiatu

Baba Moreen,

Usiwashe mashine ya kunoa. Hata ukitaka huwezi, plagi nimeikata, ninayo mkobani. Katogo ya ndizi iko sufuriani.

Nimeenda Katwe kutafuta mikanda ya msasa yenye mgongo wa kitambaa: namba sitini ya kula chuma, mia na ishirini ya kulainisha kisu. Ile uliyoleta ni ya karatasi, ya maseremala. Na mmoja ulipoanza kuachia kwenye kiungo ukauunga kwa gundi ya viatu! Mkanda si soli, Makokha. Leo asubuhi ulipokatika ukakuchapa shavuni, ukacheka, ukaenda kuoga. Mimi sikucheka.

~~Nakuomba~~ Nakukataza kuunga mwingine. Mwenye bucha atasubiri visu vyake. Dawa ya kidonda iko dirishani, jipake.

Ulipokuwa bafuni nilitafuta kile kipande cha mkanda kilichoruka. Barazani penye mashine hakikuwepo. Kilipita mlangoni, nikakikuta kimesimama ndani ya kikombe cha uji cha Moreen, mezani, hapo hapo unaposomea karatasi hii.

Alikuwa ameinuka tu kutafuta soksi.

Mama Moreen