Hadithi ya Ukutani

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika Rudewa. Marahaba. Babu yako hajambo, mahindi yamebeba.

Waniuliza nilijifunzia wapi kusoma. Ukutani! Baba alibandika kurasa za jarida la enzi za Waingereza kwa uji wa muhogo. Hadithi moja niliipenda mno, ila mwisho wake uligandia udongoni, upande wa nyuma. Siku tunahamia kijiji cha ujamaa nikaubandua ukurasa. Loo, mchwa walishaula mwisho! Nikalia.

Mama, asiyejua hata herufi moja, akasema, “Basi tumalizie wewe, njiani.” Nikamalizia.

Miaka ikapita, nikamsikia akiwasimulia majirani mwisho wangu. “Ndivyo ilivyoandikwa,” akawaapia.

Bibi yako,
Mwanaidi