Swali Ulilouliza Kuhusu Picha za Shingo Yako

Kwako Tata Nyambura,

Nimeandika barua za wazi kwa watu wengi. Nimewaandikia mawaziri, maaskofu na wakubwa wa viwanda vya kahawa, na hakuna hata mmoja niliyemwandikia bila kujua mapema nitampiga wapi. Leo nakuandikia wewe, na sijui nianzie wapi. Mtu ninayegombana naye safari hii ni mimi mwenyewe, na mtu wa pekee anayeweza kutuamua ni wewe, tuliyekuzika Gatitu, nyuma ya kitalu chako cha miche.

Wasomaji wangu hawakujui, kwa hivyo wacha nikutaje kidogo. Wewe ni dada mdogo wa mama yangu. Mama alipofariki nikiwa darasa la sita, ulikuja Skuta, tulikokuwa tukiishi, ukanichukua pamoja na godoro langu, na kazi ya kwanza uliyonipa ni kujaza udongo kwenye mifuko ya miche. Ulipandikiza maparachichi. Ulifunga kikonyo cha mti mzuri juu ya shina la kienyeji, ukazungushia utepe, na baada ya wiki chache ukapita mstari baada ya mstari ukiangalia. “Hii itashika. Hii itashika. Hii hapana.” Ile ya hapana uliing'oa papo hapo, ingali kijani.

Nilikuuliza umejuaje.

“Naona tu. Wewe ukiangalia unaona majani. Mimi naona vile itakuwa.”

Nilibisha, kama kawaida yangu. Nikauokota mche mmoja uliong'oa, nikaupanda nyuma ya choo na kuumwagilia maji mwezi mzima. Ukakauka. Ulinitania kwa ajili yake hadi nikaota mvi. Mgeni akija ulimwambia, “Huyu ndiye wakili wa miti imekufa.”

Kisha sauti yako ikaanza kukwaruza. Ulisema ati ni baridi ya Gatitu. Uvimbe ulipojitokeza shingoni ulivaa skafu, na nilipokuuliza kuhusu skafu ukaniuliza kuhusu tumbo langu. Tulipofika hospitali moja ya Nairobi, saratani ilikuwa imeshakaa kooni na kuanza kusambaa.

Siku tuliyokaa mbele ya Daktari Muthoni naikumbuka neno kwa neno. Alikuwa kijana, binti wa mji wa Kenol, na alikuita Cucu kama wanavyowaita nyanya zao kwetu. Alikueleza kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni mionzi ya wiki saba, kila siku isipokuwa wikendi, kwa nia ya kuumaliza ugonjwa. Itakuchoma koo na kukukausha mate, na huenda ikasaidia, huenda isisaidie. Ya pili ni mionzi ya siku chache tu ya kupunguza maumivu, kisha urudi kwako ukakae na watu wako. Madaktari wenzake walipendelea ya kwanza. Uamuzi ulikuwa wako.

Halafu akataja utafiti wake. Picha za CT ulizopigwa kabla ya tiba huingizwa kwenye kompyuta, na programu inapima vitu ambavyo jicho la daktari halivioni: ukungu wa kijivu ndani ya uvimbe, ukali wa kingo zake, jinsi doa moja lilivyo tofauti na lililo kando yake. Inalinganisha hayo na picha za wagonjwa ambao mwisho wao unajulikana, kisha inakisia kama uvimbe utaitikia mionzi au la. Alisema haya ni makisio, hayatumiki kuamua tiba. Lakini kanuni za utafiti zilimruhusu kumwambia mgonjwa akiuliza.

Uliinama mbele kwenye kiti. “Kwa hivyo inaangalia picha inajua ile itashika.”

“Inakisia, Cucu.”

“Hata mimi nilikuwa nakisia. Sasa ya shingo yangu imesema nini?”

Daktari alivuta karatasi kutoka kwenye faili. Hapo ndipo nilipoingia.

Nilimuuliza programu yake ilifunzwa kwa picha za nani. Akasema wengi ni wagonjwa wa Ulaya, na wachache wa Asia. Nikauliza wa kwetu ni wangapi. Akasema bado hawana, ndiyo maana wanaomba picha. Basi, Tata, ulinijua. Nilimwambia kwamba mashine ambayo haijawahi kuona koo la mtu wa Mlima Kenya haina la kusema kuhusu koo lako. Nilimwambia kwamba miili yetu imepimwa kwa vipimo vya wengine tangu siku za babu zetu, na kwamba ubashiri uliovaa koti jeupe ni ubashiri tu. Alijaribu kujibu, nikamkatiza.

Uliweka mkono juu ya goti langu. “Daktari, huyu alisomea kubishana. Mimi niliuliza swali.”

Sikuusikia mkono ule. Nikamwambia akitamka neno moja kutoka kwenye karatasi ile, nitaliweka gazetini pamoja na jina lake. Aliitazama karatasi, akakutazama wewe, kisha akaigeuza uso chini.

Tulifika Kenol tukirudi nyumbani. Tulisimama pale tulipozoea kula nyama choma, nawe ukaagiza supu peke yake.

“Umeshinda,” ukasema.

“Nilikuwa nakulinda, Tata.”

“Sijasema nimekasirika. Nasema ni mimi niliuliza.”

Ukachagua wiki saba. Ama nilikuchagulia mimi, maana njia nzima hadi Nyeri nilikuwa nikikuhutubia kuhusu kupigana na kutokata tamaa. Walikutengenezea barakoa ngumu ya plastiki yenye matundu, wakaifinyanga juu ya uso wako ingali ya moto, na kila siku waliibana kwenye meza ili kichwa kisisogee. Ulitoka ukiwa na alama za matundu mashavuni. “Naonekana kama mkeka,” ulisema siku ya tatu. Kufikia wiki ya nne hukuwa na mate ya kufanyia mzaha. Ulikunywa uji kwa mrija, kikombe kimoja kwa saa nzima, nami nilikaa kando yako nikiandika makala.

Ndiyo, niliandika. Niliyaeleza yote ya programu ile bila kutaja jina la daktari, na nikasifiwa hadi na watu wasionipenda. Nilikusomea. Ulifumba macho ukasikiliza hadi mwisho, kisha ukanong'ona, “Soma tena pale umesema watu wetu.” Nikasoma tena kwa fahari.

Uvimbe haukuitikia. Ulirudi Gatitu ukiwa huwezi kumeza wala kuongea, na ndani ya miezi mitatu tukakuzika.

Wasomaji watasema: kwa hivyo mashine ilikuwa sahihi. Sijui. Sikuwahi kuiona karatasi ile. Na hata ingekuwa ilisema hivyo, mgonjwa mmoja hathibitishi kitu. Hoja yangu ingali imesimama. Ningeulizwa leo kama ni haki kuleta kwetu programu isiyowahi kutufahamu, ningeandika makala ile ile bila kuondoa nukta. Nilikuwa sahihi mbele ya mtu mgonjwa aliyetaka kujua jambo moja kuhusu shingo yake, na usahihi wangu haukumpa kijiko cha maji.

Mwezi uliopita nilirudi kwa Daktari Muthoni. Nilijiambia naenda kuomba radhi, na nikaomba. Kisha nikamuuliza karatasi ilisemaje.

“Siwezi kukuambia, Mzee.”

“Mimi ndiye niliyemuuguza. Mimi ndiye jamaa yake wa karibu.”

“Kanuni inasema mgonjwa. Yeye ndiye aliuliza. Wewe ile siku ulisema haina maana.”

Miaka thelathini ya kugombana na watu, na aliyenishinda alitumia maneno yangu mwenyewe.

Nikamuuliza kama ulirudi kwake bila mimi. Akasema kuna jambo moja ulilomruhusu kuniambia nikija. Wiki ya pili ya mionzi, nilipokuwa nje nikipiga simu, ulitia sahihi picha zako zitumike kufunza programu. Ulikuwa wa kwanza kutoka kwetu. Na ulimwambia hivi: “Yule kijana akirudi kugombana, mwambie sasa wa kwetu yuko mmoja.”

“Na siku hiyo alikuuliza tena lile swali?”

“Hiyo ni yangu na yeye,” akasema, na akanisindikiza hadi mlangoni kwa adabu.

Tangu siku hiyo nazipekua wiki zile saba kama wakili anayepekua faili. Wiki ya tatu uliacha kumuuliza daktari kama uvimbe umepungua. Hiyo yaonyesha ulijua. Lakini wiki hiyo hiyo ulinituma ninunue mifuko mipya ya miche, na ukanikemea kwa kuleta midogo. Hiyo yaonyesha hukujua. Wikendi moja tulipokuwa Gatitu ulimpa jirani kisu chako cha kupandikizia. Lakini ulimwambia akirudishe kikiwa kikali. Uliniambia nisije hospitalini kila siku, nina kazi zangu. Nilidhani unanihurumia. Sijui ulikuwa unanihurumia kwa lipi.

Kama hukujua, basi niliziba mdomo wa aliyetaka kukujibu, na nikakunyima miezi ambayo ungeweza kukaa kwako, unakula, unaongea, unanisimanga. Kama ulijua, ni vibaya zaidi. Basi ulibanwa mezani asubuhi baada ya asubuhi, ukachomwa koo bila tumaini, kisha ukarudi kukaa kando yangu na kuniomba nisome tena, ili nisigundue kwamba nimekosea. Nimejaribu kupinga upande mmoja, nikashindwa. Nimejaribu kupinga mwingine, nikashindwa pia. Hakuna gazeti la kupeleka jambo hili, na hakuna wa kumlaumu aliye nje ya nguo zangu.

Sina la kukuhutubia, Tata. Nina swali moja tu, na kama ungekuwepo ningekuuliza kisha ninyamaze, hata kama ungechukua siku nzima kujibu.

Ulirudi kuuliza?

Mimi, mwana wa dada yako,
Muriuki