Ngazi ya Nyumba ya Terrat

Jumanne, 9 Februari 1999

Leo nimeonana na nyumba yangu. Iko kwenye karatasi, na si yangu tena.

Mzee Kaanaeli, msanifu ninayemchorea ramani, kaniita asubuhi mezani kwake. Mteja mpya anajenga ghorofa Terrat, kaleta mchoro wa mkono, kazi yangu ni kuuchora upya kwa wino. Karatasi imekunjwakunjwa, ina madoa ya chai. Nikaifungua. Jiko liko mbele, dirisha ukuta mzima, linatazama Mlima Meru. Ngazi katikati ya sebule, wazi, mwanga unashuka kutoka juu. Mwandiko ni wangu! Nilichora mwaka wa pili chuoni, mwaka 89, tukiishi chumba kimoja Kaloleni, mimi na Ludovick. Tuliubandika juu ya kitanda. Alipoondoka mwaka 94 alibeba redio na godoro. Mchoro nao ukapotea. Miaka mitano nimelaumu panya.

Nikauliza jina la mteja, kwa sauti ya kazi. Ludovick. Nani mwingine.

Mzee sikumwambia kitu. Ananijua kama Mama Evaresta, mchoraji wake. Baba wa Evaresta ni nani, hajawahi kuuliza.

Jumatano, 10 Februari

Kaja mwenyewe, na mke, Evelyn. Simu ya mkononi kaiweka mezani ili tuione. Tangu apate jiwe la tanzanite mgodini Mererani kanenepa hadi shingo. Aliponiona alishtuka, kisha akatabasamu: Mama Evaresta, za siku nyingi, mtoto hajambo? Hajambo. Mtoto ana miaka tisa, na baba yake hajamwona tangu Pasaka ya mwaka juzi. Hilo sikulisema, nilikuwa kazini.

Evelyn mpole, ana heshima zake, kamwamkia mzee vizuri. Ndiye aliyesimulia jinsi mume wake alivyoibuni nyumba peke yake, akiwa mgodini, akichora chini kwa kijiti. Mgodini! Mzee akafurahi kweli. Akasema watu siku hizi wanaleta picha za magazeti, nguzo kumi na matao ishirini, nyumba kama keki ya harusi. Hii ina akili. Jiko mbele! Mama wa nyumba anapika anaona mlima, anaona na mgeni anayekuja. Miaka thelathini hajaletewa kitu kama hiki.

Nimengoja miaka kumi mtu aseme maneno hayo. Kayasema, kamtazama Ludovick.

Ludovick kaangalia viatu vyake. Halafu kanigeukia mimi: "Usibadilishe kitu. Chora kama ilivyo."

Nikasema sawa.

Ijumaa, 12 Februari

Kuna kosa. La kwangu, la kitoto. Ngazi inapita chini ya bimu, boriti ya zege inayobeba bafu la juu. Nimepima mara tatu: kutoka kidato hadi bimu ni mita moja na sentimita hamsini na nane. Chuoni nilichora nyumba inavyoonekana kutoka juu tu, sikuikata ubavuni kwenye karatasi, kama mkate, nione kichwa cha mtu kinapita wapi. Mwalimu alitupigia kelele kila siku — kata kwenye ngazi, kata kwenye ngazi!

Evaresta angepita. Evelyn akiinama. Ludovick itampata kwenye paji la uso kila siku ya Mungu.

Kusogeza bimu ni kazi ya nusu saa. Lakini mteja kasema kama ilivyo, sivyo?

Jumatatu, 22 Februari

Nimemaliza. Mchoro wa ubavu lazima uwepo, na desturi ni kukata kwenye ngazi. Mimi nimekata jikoni. Jiko limetoka zuri, nimechora hadi sufuria. Ngazi haionekani kabisa.

Mzee kagonga muhuri bila kuvaa miwani. Kasema mkono wangu haukagui tena. Roho iliniuma pale. Nikajifanya natafuta rula.

Jumapili, 13 Juni

Nilijiapiza kutokwenda. Baada ya ibada nikaenda.

Kuta zimesimama. Fundi mkuu, Eliamini, mtu wa watu, kanikaribisha kama mgeni rasmi, kafuta ubao nikae. Sikukaa. Nilisimama jikoni, kwenye tundu la dirisha. Meru yote imo, kuanzia mashamba hadi kilele, na upepo wa mvua ya juzi. Ni palepale nilipopachora kwa penseli, sikuwa nimewahi hata kufika Terrat wakati ule!

Ni nzuri. Mungu anisamehe, ni nzuri. Nililia kidogo, Eliamini akadhani ni vumbi la saruji.

Akasema ngazi wanamwaga zege wiki ijayo. Hapo ndipo ningesema. Nikasema hongera, kazi nzuri, nikaondoka.

Alhamisi, 8 Julai

Sijui niandike nini. Naandika.

Mzee kaitwa saiti Terrat, kanichukua. Juzi walitoa mbao zilizoshikilia zege. Leo asubuhi Eliamini kapanda ngazi na karai la mchanga begani, bimu ikampiga usoni. Kapasuka juu ya jicho, baadaye kashonwa nyuzi tatu. Tumemkuta amekaa chini, damu kwenye shati, na Ludovick anamfokea mbele ya mafundi wote: hajui kusoma ramani, kamharibia nyumba, aondoke leo hii. Eliamini anarudia tu, kwa upole, kwamba kafuata vipimo. Hakuna aliyemsikiliza.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasema: "Fundi hana kosa. Kosa liko kwenye ramani."

Mzee kanigeukia taratibu. Akauliza kosa la nani.

Nilikuwa nafungua mdomo — naapa nilikuwa naufungua! Ludovick akacheka, akaniwekea mkono begani. "Msimlaumu mama wa watu," akasema. "Niliichora mwenyewe, nikamkataza kubadilisha. Kosa ni langu."

Basi, hali ikapoa. Eliamini kabakishwa kazini, kaombwa radhi. Mafundi wakasema bosi ana utu. Evelyn kamshika mkono, macho yanang'aa. Kwa sentensi moja kanisitiri na kunipora.

Na mimi nikasema asante. Asante! Mdomo huu huu.

Ijumaa, 9 Julai

Mzee alingoja hadi saa kumi, wenzangu walipoondoka. Akatandaza ramani mezani kwangu. Leo miwani kavaa. Akaweka kidole kwenye mstari unaoonyesha nyumba imekatwa wapi, pale jikoni.

"Yule bwana anaweza kuwa alichora ngazi," akasema. "Mstari huu hakuuchora yeye. Kwa nini ulikata hapa?"

Nikainama. Afadhali angenitukana. Akasema ningojee hasira yangu itulie — hasira yangu, sijui kaijuaje — kisha nimwandikie jibu, Jumatatu asome. Muhuri ule ni jina lake, na mtu kapasuka uso.

Evaresta yuko nje anaruka kamba. Karatasi iko mbele yangu. Nahitaji sentensi mbili tu. Nyumba ya Terrat niliibuni mimi. Kosa nililiona, nikalificha. Ya kwanza inatoka yenyewe, ina miaka kumi kooni. Lakini mzee atauliza ushahidi, na sina, karatasi ya zamani Ludovick kaichukua. Mtu pekee anayeweza kujua kosa lilikuwa wapi kabla zege halijamwagwa ni aliyeibuni. Ushahidi wangu wote ndio huo, na ndio utakaonifukuzisha kazi.

Nimeandika mara mbili, nimechana mara mbili. Zote nilianza na ya kwanza, na ya pili ikanigomea.

Sasa nimeanza na ya pili.